Nilingoja Bei Ipungue

Jana usiku niliota nimesimama kwenye dirisha la kuuzia tiketi za ndege, na anayeuza ni Bei mwenyewe.

Bei ni mfupi, amevaa tai ya bluu. Namsalimu, anaitikia vizuri tu. Namweleza kwamba nimepigiwa simu, mama amefariki Ujiji. Mimi ndiye mtoto wake wa kiume pekee, na mimi ndiye wa kuingia kaburini kumpokea. Kwetu maiti hailazwi usiku, huzikwa siku hiyo hiyo. Kila nikisema neno, Bei anaongezeka kimo.

"Laki tano," anasema. Kichwa chake sasa kinagusa dari.

"Jana ulikuwa laki mbili na nusu. Nilikuona kwenye simu."

"Jana mama yako alikuwa mgonjwa tu."

Mimi si mtu wa kuchezewa na bei. Hapa Dar es Salaam, ofisini kwetu, wananiita Bwana Nafuu. Anayetaka kusafiri huja kwangu kwanza, nami humwambia usikate Ijumaa, usionyeshe haraka, ngoja. Mdogo wangu Mwavita aliponipigia akasema, "Kaka Mrisho, njoo, mama anakuulizia," nilimwambia nangoja bei ipungue. Nimengoja wiki tatu. Hilo halikuwa ndoto, na linanichoma mpaka sasa.

"Ukizunguka ni nafuu," Bei ananishauri. "Anayekwenda moja kwa moja anaonekana ana shida."

"Basi nizungushe."

"Ya kwenda tu, au kwenda na kurudi?"

"Ya kwenda tu."

"Hiyo ndiyo ghali zaidi."

"Kwenda tu kunazidije kwenda na kurudi?"

"Muulize mama yako. Yeye ndiye aliyekata ya kwenda tu."

Nikachukua ya kwenda na kurudi.

Sasa nimo ndani ya ndege, sikumbuki nilivyopanda. Rubani anatangaza kwamba tutapita Mtwara, halafu Mbeya, halafu Mtwara tena, kwa kuwa tumelipa kidogo. Abiria wanapiga makofi. Chini yangu kiti kinakohoa.

"Samahani," kinasema, "wewe umenilipia shilingi ngapi?"

"Laki tatu."

"Pole. Mwenzangu hapo pembeni kauzwa laki moja, na sponji yetu ni moja."

Pembeni amekaa mama mmoja mwenye sanduku la vyombo mapajani. Ananiambia anakwenda kwenye harusi ya mpwa wake, alijua tangu miezi mitatu iliyopita.

"Na wewe ungejua mapema," kiti kinaniambia.

"Kifo ningekijuaje mapema?"

"Si uliambiwa?"

Nikageuza uso. Nje ilikuwa Mtwara kwa mara ya nne.

Ndege inatua makaburini Ujiji, katikati ya watu, na hakuna anayeshangaa. Wanaume wamesimama kimya. Shuka la kijani limetandazwa juu ya kaburi. Mhudumu wa ndege ameshika orodha, ananiuliza jina.

"Nafasi yako ipo," anasema, "ila ina mtu."

"Mbona ni yangu?"

"Huwa tunaiuza nafasi moja kwa watu wawili, maana kwa kawaida mmoja haji. Tulidhani asiyekuja ni wewe."

Nachungulia chini ya shuka. Kasimu, jirani yetu, fundi baiskeli, ndiye aliyenyoosha mikono. Anampokea mama taratibu, anamlaza kwa ubavu wa kulia, anamgeuza uso kibla. Anafanya vizuri kabisa. Natamani akosee mahali nimlaumu, lakini hakosei. Nalia kwa wivu.

Bei yuko kando yangu. Amekuwa mdogo, ananifika gotini.

"Chukua sasa," ananiambia. "Laki na nusu."

"Nimekungoja wiki tatu! Kwa nini iwe sasa?"

"Sasa hunihitaji," akasema, wala hakusema kwa ubaya.

Niliamka adhana ya alfajiri ikiadhiniwa. Nikachukua simu nitazame bei, kama nilivyofanya kila siku tangu mama augue. Ndege ya Kigoma ni moja tu kwa siku, na ya leo inaondoka saa nane mchana. Laki na nusu.

Nikakaa kitandani na simu mkononi. Nilishajua. Mwavita alipopiga, nilipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Kaka," akasema, kisha akashindwa.

"Najua, mdogo wangu. Mnazika saa ngapi?"

"Saa saba, wakishaswali adhuhuri."

"Niombeeni kwa wazee waningoje mpaka jioni."

Nyuma yake wanawake walikuwa wanalia.

"Nimewaomba, kaka. Wamesema umeshangojwa wiki tatu."

Nililia mpaka kukapambazuka. Kisha nikaikata tiketi ile ya laki na nusu, nikapewa kiti cha dirishani.