Moshi wa Cimpunda

Micheline aliamka akiwa na furaha. Binti yake Gloire, aliyeolewa Shabunda, alikuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza, na mama mtu alikuwa amepata kiti katika ndege ndogo. Barabara ya huko ni ya kumwachia Mungu. Basi akajitwika mzigo wake, vitenge vya kumbebea mjukuu, sabuni na maharage ya Nyantende, akateremka mjini.

Kwenye ofisi ya ndege alikuta watu wamesongamana mlangoni, kila mmoja akipiga kelele yake. Guylain, mwenye kuuza tiketi, alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Leo hakuna avion, maman. Na kesho hakuna. Kampuni zote bamesimamisha. Moshi imefunika muji, bapilote habaoni kitu. Bakubwa banasema hii hewa iko ya hatari."

"Hatari kwa nani?" Micheline akauliza.

"Kwa avion. Na kwa bale benye kupanda."

Moshi huo Micheline aliujua vizuri. Nyuma ya nyumba yake, huko Cimpunda, malori yalimwaga taka za mji mzima bondeni, plastiki na matairi, kisha taka zikatiwa moto. Mwaka huu kiangazi kilikuja bila upepo, moshi ukaganda juu ya paa za watu. Lakini hata miaka ya upepo, watoto wa Cimpunda walilala wakikohoa. Mume wake, papa Grégoire, kifua ndicho kilichommaliza. Walipolalamika, waliambiwa wavumilie.

"Guylain," akasema, "kama hewa haiko muzuri kwa avion, iko muzuri kwa batoto betu?"

Guylain akashuka kwenye kiti.

Micheline akapanda kilima kurudi Cimpunda, mzigo kichwani. Hakuingia nyumbani. Aliutua mzigo katikati ya njia ya malori, akaukalia.

"Umekosa avion?" jirani yake Georgette akamwuliza kutoka mlangoni.

"Avion zimekataa hii moshi. Na mimi nimekataa."

Georgette alimtazama kidogo, akaingia ndani, akatoka na kigoda chake. Kabla jua halijafika utosini, njia ilikuwa imejaa wanawake, na watoto migongoni, na sufuria za bugali zikitokota palepale. Lori la kwanza lilipiga honi mpaka likachoka.

Ndipo alipokuja chef wa quartier, mkuu wa mtaa wao, papa Évariste, na koti lake la Jumapili.

"Micheline, hii iko désordre, fujo tupu. Mutoke, ao niite polisi."

"Ita, chef. Lakini mbele ya kuita, shuka kule kwenye moto, usali Baba Yetu moja tu. Ukiimaliza, sisi tunatoka."

Watu wakacheka. Évariste hakupenda kuchekwa. Akashuka bondeni kifua mbele, akasimama penye moshi, na wote wakamsikia akianza kwa sauti ya kanisani. "Jina lako litukuzwe" ilitoka vizuri. "Ufalme wako ufike" ikakwama. Alipanda akiinama, machozi yakimtiririka, akikohoa kama mbuzi aliyepaliwa. Georgette akampa maji. Akanywa, akaketi ukingoni mwa njia, na neno polisi halikusikika tena kinywani mwake.

Lori likarudi nyuma. Wanawake wakashuka na majembe, wakaanza kuufukia moto kwa udongo. Iliwachukua siku nyingi, kwa maana moto wa taka hujificha chini na kutokea pengine. Upepo nao ukaja. Asubuhi moja ziwa lililo chini ya mji likaonekana tena.

Guylain akapiga simu. "Maman, kesho tunaruka. Kiti yako iko."

Lakini siku hiyohiyo Évariste mwenyewe alikuwa amemnong'oneza Micheline: kesho malori yangerudi, tena na polisi. Kampuni ya malori ilijua kwamba Micheline akiondoka, wengine wangetawanyika.

Akampigia binti yake. "Gloire, nitakuja. Lakini hapana kesho."

"Tumbo imeanza kuniuma, mama."

"Najua, mwanangu."

Gloire akakata simu. Micheline akalia, akanawa uso, akarudi njiani.

Polisi walikuja kweli. Waliwakuta wanawake wengi kuliko mwanzo, na chef wa quartier ameketi kati yao. Walizozana kutwa nzima. Katikati ya zogo simu ya Micheline ikalia. Mkwe wake, huko Shabunda, aliisogeza simu kwa mtoto, na kilio chembamba kikamwingia sikioni. Hakuinuka alipoketi. Jioni malori yakageuza, na hayakupita tena njia hiyo.

Alipofika Shabunda, mjukuu alikuwa ameshaanza kuwachekea watu. Gloire alimpa mtoto bila kumsalimu.

"Nilikuita," akasema hatimaye.

"Uliniita. Kasirika tu, uko na haki." Micheline akamwinua mtoto begani, akasikiliza anavyopumua. "Lakini sijutii."

Gloire akageukia jiko, akakoroga uji kwa muda mrefu. Kisha akamimina katika vikombe viwili.