Dakika Arobaini za Kiti cha Kulia

Kwetu Kitshanga, mashariki mwa Kongo, mimi ni Komanda Manzi, rubani. Kanisani wananiombea kila Jumapili, baada ya wagonjwa na kabla ya wafungwa. Mama yangu, Mama Uwizeye, akisikia ndege angani huacha jembe na kuipungia mkono, hata kama ndege hiyo ni ya Umoja wa Mataifa na haina habari na ukoo wetu. Huku Walikale, ninakofanya kazi, mimi ni Manzi wa filimbi.

Acha nieleze. Ndege yetu haina uwanja. Inatua barabarani, kwenye kipande cha lami cha mita mia nane hivi, na barabara hiyo ni ya watu: pikipiki, mbuzi, wamama wenye mikungu ya ndizi kichwani. Kwa hiyo kila ndege inapotua au kuruka lazima awepo mtu wa kupuliza filimbi na kufukuza chochote chenye miguu au magurudumu. Mtu huyo ni mimi. Nina leseni ya urubani niliyoipata Afrika Kusini kwa ng'ombe saba wa marehemu baba, na mbuzi wa Walikale hawaiheshimu hata kidogo.

Nilitoka shuleni na saa mia mbili za kuruka, nikadhani ni nyingi. Kampuni nilizoziandikia zilitaka mia tano, nyingine elfu. Ukiwauliza saa hizo utazipata wapi, wanakujibu kwamba zinapatikana kwa kurusha ndege. Wenzangu wa darasani walitawanyika. Mmoja anafundisha wanafunzi wapya, mwingine anapulizia dawa mashamba ya miwa, wa tatu anazunguka juu ya ufuko wa Durban akivuta tangazo la bia mkiani. Mimi nilimpata Papa Katembo, mfanyabiashara wa Butembo mwenye ndege moja ya injini moja na viti sita, na rubani mmoja mzee aitwaye Straton. Tulikubaliana hivi: kiti cha mbele kulia, kando ya Straton, kikikosa abiria ni changu. Nashika usukani hadi Goma, dakika arobaini, na Straton ananiandikia muda huo kwenye kitabu changu cha saa na kusaini. Kikipata abiria, nabaki chini na filimbi. Na mizani pia, nilitaka kusahau: magunia na abiria nawapima mimi.

Shida ni kwamba kwetu kiti hakikai kitupu. Kuku wa Mama Kanyere, mchuuzi wa sokoni, amekaa pale mara nyingi kuliko mimi. Miaka miwili ikanipa saa arobaini na tisa na dakika ishirini.

Halafu, mwezi wa tano 2022, kampuni moja ya Kisangani ikanijibu. Walikuwa na nafasi ya rubani msaidizi kwenye ndege ya injini mbili. Sharti lilikuwa saa mia mbili na hamsini zilizosainiwa, na kitabu changu cha saa kiwafikie kwa picha kabla ya Jumatatu mchana. Nilihesabu kwenye karatasi, nikahesabu kwenye simu, nikahesabu tena kwa vidole. Nilipungukiwa dakika arobaini. Kabla ya Jumatatu ilibaki safari moja tu, ya Jumamosi, na kiti cha kulia hakikuwa na mtu. Nililala nikitabasamu kama mjinga.

Ijumaa akaja mama yangu.

Alikuwa Walikale mwezi mzima, kwa dada yangu Murekatete aliyejifungua. Alikuja kwa pikipiki kupitia Kashebere, siku mbili za matope, na akaapa kwamba kurudi atarudi na ndege ya mutoto wake. Nilikuwa nimemkwepa kwa kila sababu: mafuta hakuna, mvua, injini inapumzika. Maana mama hakujua lolote. Krismasi nilikuwa nimesimama nyumbani mbele yake na mbele ya jirani yetu Mama Byukusenge na kwaya nzima, nikawaeleza ninavyorusha ndege peke yangu kati ya milima. Wakaniuliza abiria wanakaaje. Nikajibu kwa sauti ya mtaalamu: "Wazito wanakaa mbele, pembeni ya rubani. Wepesi wanaenda nyuma na kuku." Hiyo ilikuwa kweli. Uongo ulikuwa kwenye nani ni rubani.

Hata hivyo niliona mambo yatakwenda. Kulikuwa na kiti kimoja nyuma pia. Mama atakaa nyuma, mimi mbele na usukani mkononi, na filimbi nitamwachia Hakorimana wa pikipiki. Uongo wangu ungekuwa kweli kwa dakika arobaini, na mimi sikuhitaji zaidi ya hizo.

Jumamosi asubuhi alifika na wakwe wote wa Murekatete nyuma yake, amevaa vikwembe vinne, vitenge vya kwetu, kimoja juu ya kingine.

"Manzi, njo hii ndege yako?"

"Njo hii, mama. Ndiyo yenyewe."

"Iko kadogo," alisema kwa huruma, kama anayeona mtoto wa jirani.

Alipanda kwenye mizani ya magunia taratibu sana. Kilo sabini na tisa. Wakwe walipiga makofi, na mimi nilifurahi kweli: samaki na mawese ya Murekatete yamemnonesha mama yangu. Nikaandika 79 kwa mwandiko mzuri. Mtu aliyesomea uzito wa ndege miaka miwili hakujua uzito wa mama yake.

Straton alisoma karatasi, akapiga hesabu kwenye kiganja.

"Inabakia kilo mia na makumi tatu tu. Mama sabini na tisa, weye sitini na munane. Aiwezekane."

"Tushushe gunia moja, Papa Straton."

"Gunia ya Papa Katembo? Shusha, na weye njo utamupigia simu." Akanitazama, na najua alinihurumia. "Mama angoje Siku ya Pili, ile Jumanne, ao weye ubakie. Na kama ni ye anaenda, muzito anakaa mbele."

Nilimwendea mama. Nilihitaji sentensi moja tu: kiti kile ni changu, mama, nakuomba ungoje. Lakini sentensi hiyo haikuweza kutoka bila kuvuta nyingine nyuma yake, kwamba mimi si komanda, kwamba ng'ombe saba wamenunua filimbi. Wakwe walikuwa wanasikiliza. Nilifungua mdomo.

"Mama, leo nimemuachia Straton. Mimi nitasimamia usalama wa barabara."

Uso wake ulisawijika. "Kumbe hatutakaa pamoja?"

"Siku ingine, mama." Nilidhani anaogopa ndege. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira haoni.

Nikafukuza pikipiki. Nikafukuza wamama wa ndizi. Ndege ilipoanza kukimbia, mbuzi mmoja akaamua kuvuka, nikamkimbilia huku nikipuliza filimbi mpaka macho yakanitoka, na mkononi nilishika bendera yangu, yaani singlendi nyekundu iliyofungwa kwenye kijiti. Mama alipita kando yangu, kwenye kiti changu, pua yake kwenye kioo. Aliniona vizuri kabisa. Nikampigia saluti. Sijui kwa nini.

Mchana simu ililia.

"Nimefika Goma. Straton ameniambia yote."

Aibu ilinishika hadi masikioni.

"Manzi, uko nasikia? Mimi pia nilikudanganya. Kilo yangu iko makumi tano na munane. Nilifunga mawe ya mutoni kwa kiuno, chini ya kikwembe."

"Mawe? Ju ya nini, mama?"

"Weye njo ulisema mbele ya Mama Byukusenge. Wazito wanakaa pembeni ya rubani. Nilitaka nikae pembeni yako."

Hamsini na nane na sitini na nane ni mia moja ishirini na sita. Tungeenda wote wawili. Nililia palepale barabarani, na mbuzi yule yule akasimama kunitazama.

"Nimeomba Straton akuandikie zangu, zile dakika," mama aliendelea. "Amekataa. Eti aifanyikake." Akavuta pumzi. "Lakini ile filimbi, unaipigaka muzuri. Ile mbuzi ingetuua."

Jumatatu mchana ikapita. Kisangani wakamchukua mwingine.

Jumanne ndege ilirudi, na chini ya kiti cha kulia kulikuwa na kikwembe kimefungwa fundo. Niliyapima mawe, kwa mazoea tu: kilo ishirini na moja. Siku hiyo kiti kilikosa abiria. Nikampa Hakorimana filimbi, nikapanda, nikayaweka mawe miguuni pangu, nikashika usukani.

Goma Straton aliandika saa mia mbili hamsini kamili, akasaini. Kwenye nafasi ndogo ya maoni, kando ya saini yake, niliandika mwenyewe: mzigo, mawe ya mama, kilo ishirini na moja, yamekaa mbele.