Baba Hakuulizwa

Anaïs alikataa andazi. Alisimama nje ya geti la shule, pale Saint-Gilles, Brussels, mkoba mgongoni, mikono ameificha nyuma, akimwangalia bibi yake, Mbombo, kama watu wanavyomwangalia mbwa wasiyemjua. Andazi lilikuwa bado na moto. Mbombo alikuwa amelifunga kwa leso na kulitia ndani ya koti ili baridi ya Januari isilifikie.

"Kamata, mama," alisema. "Juu ya nini unakatala?"

"Pasta alisema nisikule tena ya mu mukono yako, koko."

Hapo Banza, shemasi wa pasta huyo, alifika, kofia mkononi, mtu wa heshima zake. Alimsalimia maman Mbombo vizuri tu, akamwambia kuwa mwanawe, Doudou, ndiye aliyemtuma, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Wazazi wengine walijifanya kuangalia simu zao. Mbombo alibaki na andazi lake kwenye leso, na hasira zake hakujua azipeleke wapi.

Kwao Lubumbashi, Kongo, Mbombo alikuwa amecheza tamthilia tangu usichana. Huko amewahi kuwa hakimu, amewahi kuwa tajiri wa samaki, na siku moja mwenzao alipolewa, amewahi kuwa askofu, watu wakapiga makofi. Brussels ilimtazama sura na umri ikaona inatosha. Alfajiri alisafisha ofisi za Porte de Namur, na sinema yoyote ilipohitaji mchawi, aliitwa.

Hii ya mwisho ilitokana na hadithi ya zamani ambayo kila mtoto wa Ulaya anaijua: njaa imeingia nyumbani, mama wa kambo anachochea, baba anawapeleka wanawe porini na kuwaacha huko, nao wanaangukia mikononi mwa mchawi. Mwongozaji, Mbelgiji mmoja mpole, aliihamishia Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels. Mama wa kambo na mchawi alipewa Mbombo wote wawili, kwa maelezo kwamba ukiangalia kwa makini ni mwanamke yuleyule. Baba alipewa Banza. Njaa ilikuwa ya nyumba nzima, lakini roho mbaya yote alibebeshwa mwanamke.

Kulikuwa na sehemu moja aliyoipenda. Watoto wamerudi salama, na yule wa kike anamuuliza baba yake kwa nini aliwaacha. Walipoipiga picha, Banza alisahau maneno yake, akabaki akitazama viatu. Mbombo alijisemea kwamba hapo ndipo jamaa ameigiza kweli.

Siku ya kuonyeshwa, sehemu hiyo haikuwamo. Watoto walimkumbatia baba, vinanda vikalia, na mchawi akacheka, akacheka, akacheka. Taa zilipowashwa Mbombo alimfuata mwongozaji na kumuuliza swali la yule binti limekwenda wapi. Mtu yule alimjibu kwa upole, glasi mkononi, kwamba watazamaji wanapaswa kumpenda baba, la sivyo watoto watarudi nyumbani kwa nani? Halafu akamsifu. Kicheko chake kilikuwa cha ajabu, alisema, ndiyo maana walikirefusha.

Anaïs alikuwa amekaa mstari wa mbele, amevaa gauni la sikukuu. Alikuwa na miaka saba. Alimwona koko wake, aliyemlea tangu mama yake afariki, akimsukuma mtoto kwenye tanuri. Tangu hapo akaanza kukojoa kitandani, na akisikia sufuria zinagongana jikoni anapiga kelele. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema mtoto ametishwa na sinema. Doudou, baba yake, alimpeleka kwa pasta Donat, na pasta akasema maman Mbombo asingeweza kuigiza vile kama kitu chenyewe hakimo ndani yake.

Jioni ile ya andazi, Doudou alimweleza mama yake hayo jikoni, bado amevaa sare ya kazini. Alikuwa mpakiaji mizigo uwanja wa ndege, Zaventem, kwa zamu zisizotabirika. Kwa hiyo mtoto angekaa kwanza kwa Banza, maana Banza ni shemasi, mpaka maman afanyiwe maombi.

"Banza?" Mbombo alisema. "Njo yeye aliacha batoto mu pori."

"Maman, ile ni film."

"Na yangu, Doudou? Yangu ni nini?"

Doudou alilia. Mbombo anayajua machozi ya jukwaani, na haya yalikuwa ya kweli, jambo lililomuuma zaidi. Mwanawe alilia hivyohivyo, kisha akaenda kufunga nguo za binti yake.

Jumapili Mbombo alikwenda kanisani mwenyewe. Ni ukumbi karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi, zamani ghala la matairi, na bado unanuka mpira. Banza alikuwa mbele. Tangu sinema itoke, watu walimwita papa ya batoto na kumwekea kiti. Anaïs alikuwa mapajani mwake.

"Maman aseme tu uchawi yake," pasta alitangaza kwenye kipaza sauti. "Akisema yote, mutoto anarudia kwake leo. Leo hii."

Kwanza Mbombo alisema ukweli, kwamba hana la kusema. Watu waliguna. Pasta alitikisa kichwa kwa huruma na kueleza kwamba shetani amekaza. Wangesubiri Jumapili nyingine, na nyingine, mtoto akiwa bado kwa Banza.

Basi akafanya kazi anayoijua. Alivuta pumzi kutoka tumboni, akapiga magoti, akaiacha sauti ipasuke palepale inapotakiwa kupasuka. Alisema ameruka usiku kutoka Lubumbashi. Alisema habari za sufuria na nyama. Maneno yake yalipokwisha, aliazima ya kwenye sinema. Wanawake walilia, wanaume wakasimama, na yeye mawazo yake yote yalikuwa kwenye nywele za Anaïs, ambazo huko alikokuwa hakuna aliyezisuka. Katika maisha yake yote hakuwahi kuukamata ukumbi namna ile.

"Na ile kicheko," pasta alinong'ona. "Itoshe."

Akakitoa kicheko.

Amina ilipigwa hadi madirisha yakatetemeka. Mbombo alimgeukia mjukuu wake na kumfungulia mikono. Anaïs alikuwa amejificha shingoni mwa Banza, amemng'ang'ania kwa nguvu zake zote, akipiga mayowe. Banza alimpapasa mgongo. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Doudou alisimama katikati ya viti, akasogea hatua moja, akakaa tena.

Dada aliyeshika kamera ya kanisa aliinua mkono na kusema kwamba, bon, betri ilikata kidogo, mwisho haukuingia. Pasta Donat aliinama na kumsogezea Mbombo kipaza sauti karibu na midomo.

"Pardon, maman," alisema. "Urudilie. Kicheko tu."

Mbombo alikuwa bado amepiga magoti, mikono imenyooka kwa mtoto. Mtu mmoja akaisogeza taa ili imulike uso wake vizuri.