Kibano cha Chuma

Mpishi aliingiza mikono katika glavu ndefu zilizofungwa kwenye ukuta wa sanduku la kioo, akabandika selotepu juu ya kipande cha fuwele, akaibandua taratibu. Humo ndani hamkuwa na hewa ya kawaida, maana hewa ya kawaida ingekiharibu kipande kile kabla hajapepesa macho. Alibandika tena, akabandua tena, mpaka likabaki tabaka jembamba ambalo bila hadubini halionekani.

Jina hilo la Mpishi alibandikwa na wenzake wa maabara, nalo likamkaa. Alikuwa akichanganya unga wa metali na kemikali nyingine, anaufungia mchanganyiko ndani ya mrija wa kioo uliofyonzwa hewa, kisha anaulaza kwenye tanuri kwa majuma. Kwenye ncha yenye joto kali unga uligeuka mvuke. Kwenye ncha yenye joto la nafuu mvuke ulitua, ukawa vipande vyeusi vya kung'aa. Wenzake waliunguza mara kwa mara. Vyake viliiva.

Na kimoja kilikuwa kimempa kile ambacho watu wa kazi hiyo hukitafuta kwa udi na uvumba. Matabaka membamba namna ile huwa sumaku kwenye baridi kali tu. Yakipata joto kidogo, usumaku unakwisha. La kwake lilibaki sumaku katika joto la chumba. Kwenye kompyuta ya mashine ya kupimia usumaku, badala ya mstari mnyoofu, mchoro ulitoa tumbo, na tumbo hilo ndiyo alama yenyewe ya usumaku. Profesa aliyemsimamia aliutazama, akavua miwani, akasema sasa Mpishi aandike tasnifu amalize, arudi kwao.

Kwao kulikuwa na binti yake, aliyekuwa akilelewa na bibi, mama wa Mpishi, tangu alipoanza kutembea. Mtoto alimwita bibi "mama", na Mpishi "mama wa simu". Familia nzima ilicheka. Mpishi naye alicheka, akakata simu, akalia. Juzi alikuwa amemwambia mama yake kwamba anarudi, na mama, ambaye neno halimkai kifuani, aliutangazia mtaa mzima.

Kilichomharibia siku kilikuwa kidogo tu. Alipokuwa akisafisha meza, kibano chake cha chuma, alichokishika karibu na ukuta, kilivutwa, kikanasa kwenye sumaku inayobana ratiba ukutani. Kibano kile kilinunuliwa kama kisichoshika sumaku. Ndicho alichotumia kuweka kipande chake kwenye mashine, kwa kuwa cha plastiki kilikuwa kimevunjika ncha na yeye hakuwa na subira ya kungoja kingine.

Alikaa. Hakuna ambaye angeuliza. Kisha akachukua kishikizo kitupu cha kuwekea sampuli, kisafi, akakigusa kwa ncha za kibano aone kama zinaacha chembe za chuma, akakitia kwenye mashine bila fuwele yoyote. Kompyuta ikachora tumbo lilelile.

Aliazima kibano cha plastiki chumba cha pili, akaweka tabaka jipya, akapima upya. Mstari ukanyooka.

Profesa alikuwa akila chakula chake cha mchana kwenye kopo. Mpishi alisimama mlangoni.

"Profesa, usumaku ule si wa fuwele. Ni wa kibano."

Profesa aliuliza kama ana hakika. Akamweleza alivyopima pasipo na kitu. Mzee yule alifunga kopo lake, chakula kikiwa nusu.

"Ungenyamaza, nisingejua."

"Najua."

Profesa alisukuma kopo kando. Kisha akasema atamwombea mwaka mwingine wa masomo, na kwamba awaambie nyumbani leo, asingoje kesho.

Mpishi alirudi, akapima unga, akafyonza hewa, akaziba mrija kwa moto, akaulaza ndani ya tanuri. Alipokwisha kufunga mlango wake ndipo akapiga simu. Ilipokewa na mtoto.

"Mama wa simu, unakuja lini? Mama amekipaka chumba chako rangi."

Aliitazama taa nyekundu ya tanuri.

"Nimeweka kitu motoni, mwanangu."

"Kikiiva unakuja?"

"Kikiiva."

Mtoto aliondoka kwenye simu. Kisha sauti yake ikasikika kwa mbali, akimwambia mtu aliyekuwa jikoni:

"Mama, bado anapika."

Simu iliachwa mezani bila kukatwa, naye Mpishi akaendelea kusikiliza vyombo vikipangwa.