Maua ya Salami

Ulimi ndio uliomponza Kazadi. Angenyamaza tu, siku ile mkuu wa stesheni ya treni ya Kindu, Citoyen Banza, alipouliza nani ataandaa vitafunio vya kumpokea mkubwa mmoja kutoka Kinshasa, mambo yangepita. Lakini kunyamaza Kazadi hakukujua. Akajitokeza kifua mbele, akasema kwamba kule Lubumbashi aliwapikia Wazungu, tena anajua kugeuza nyama kuwa maua. Kweli yenyewe ni kwamba Lubumbashi alibeba masinia, na maua hayo aliyaona mara mbili, yakipita.

"Mukubwa akifurahi," Banza akasema, "jikoni ya nyumba ya wageni ni yako. Weye njo utakuwa shefu."

Kazadi alilitaka jiko lile kuliko kitu chochote. Miaka saba alikuwa msaidizi humo, sawa na Mama Zawadi, ambaye kwa maoni ya Kazadi alijua sombe tu, kisamvu cha majani ya muhogo, basi.

Salami, ile soseji nene ya Wazungu, ikaja kwa treni, ya nyama ya ng'ombe tupu kwa heshima ya wageni Waislamu. Kazadi akanoa kisu, akaikata vipande vyembamba kama karatasi. Akavipanga kwenye mdomo wa glasi, nusu ndani nusu nje, kimoja kikimlalia mwenzake, duru tatu, kisha akaibinua. Maua matatu ya kwanza yalisambaratika, akayala upesi kufuta ushahidi. La nne likatoka waridi. Akajitazama kwenye dirisha, akajiona mtu.

Kufikia alasiri alikuwa na maua arobaini. Mtu mwenye akili angeyapanga kwenye sinia. Yeye akayachoma kwenye njiti za chelewa, akayapamba kwa majani ya matembele, akayasimamisha kwenye vyombo vya maua vya sebuleni.

"Baba Kazadi, weka mu sahani," Mama Zawadi akamwambia. "Batu batajua aje kama ni chakula?"

"Mama, mambo ya Wazungu uniachie miye."

Wageni wakaingia na abakosi zao, suti za kizaire zisizo na tai, zilizopigwa pasi. Hakuna aliyegusa kitu, maana mgeni mkubwa hajala, nani atatangulia? Mkubwa akakaribia meza, akainama, akanusa waridi.

"Maua yenu iko na harufu ya nguvu," akasema, akaketi.

Banza alijua vyema kwamba ni nyama. Lakini kumsahihisha mkubwa wa Kinshasa si kazi ya mtu mwenye watoto. Akacheka tu, na wote wakacheka, wakakaa mbele ya meza iliyojaa chakula wakisubiri chakula. Mwisho ikabidi iletwe sombe ya Mama Zawadi, aliyokuwa amewapikia madereva. Mkubwa akala, akaongeza.

Kazadi alisimama ukutani akiona joto la Kindu linavyoyayeyusha mafuta ya maua yake, tone kwa tone, juu ya kitambaa cheupe.

"Na maua, njo nani anaotesha?" mkubwa akauliza.

Banza akamwonyesha Kazadi kwa kidole. Kazadi akaona jiko linamponyoka. Maneno yakamkataa kwa mara ya kwanza maishani. Basi akaenda mezani, akachomoa waridi kubwa kuliko yote, akalitia mdomoni mbele ya watu wote, akatafuna.

Mkubwa akaweka kijiko chini.

"Citoyen Banza! Batu yako banasikia njala mpaka banakula maua?"

Mama Zawadi, kwa huruma tu, akaleta sahani imejaa mpaka juu. Mkubwa mwenyewe akavuta kiti, akamwamuru Kazadi akae ale, akasimamia aone anameza.

"Huyu mama wa sombe mumupe jikoni," akasema. "Na huyu, mwenye kuotesha maua ya namna hii, mumupe bustani. Lakini mumulishe kwanza."

Watu wakapiga makofi. Kazadi alitaka kulia, alitaka kueleza, lakini mdomo ulikuwa umejaa. Akameza. Ilikuwa sombe tamu kuliko zote alizowahi kula, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Aksanti, mukubwa," akasema, akanyoosha sahani aongezewe.