Aliyebomoa Mfongo

Hasira ninazo, sikatai. Mama alikuwa akisema Gladys akikasirika hata kuku wanakimbilia migombani. Lakini hili la Lukresia halikuwa la hasira. Nilikuwa naona aibu mbele za watu, basi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nafundisha chekechea kijijini, huku juu ya Kwa Sadala. Kwenye semina tuliambiwa mtoto achague kazi yake mwenyewe, mwalimu aangalie tu, asaidie akiombwa. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Lukresia, wa miaka mitano, alichagua kazi moja kila asubuhi: kuchimba mfongo wake chini ya bomba, kwa kijiko. Babu yake, mzee Elimringi, ndiye anayegawa zamu za maji kwenye mfongo wa kijiji, ule mfereji unaoteremka kutoka mlimani, na mtoto aliiga kila kitu. Aliziba kwa mawe, akafungulia, akawahesabu wenzake: "Jovin kwanza, Violet wa pili." Siku Jovin alipoukanyaga aliambiwa, "Aliyebomoa anapata mwisho." Naye akasubiri! Mimi hanisikilizi hivyo.

Siku ya wazazi ikakaribia. Mama mmoja akanichoma pale getini: "Mwalimu, watoto wetu wanakuja kusoma au kuchezea tope?" Loo, nilitamani ardhi ipasuke. Kesho yake nikachukua jembe, nikaufukia mfongo wote Lukresia akiona, nikamshika mkono nikamkalisha darasani na a, e, i, o, u. Hakulia. Laiti angelia.

Wazazi walipokuja alizitaja irabu zote bila kukosea. Wakapiga makofi, nami nikatabasamu ndani ya kitenge changu kipya.

Tangu hapo nikimuuliza, "Lukresia, leo unataka kazi gani?" ananijibu, "Unayotaka wewe, mwalimu." Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Nikimpa rangi anapaka, nikimwambia acha anaacha. Akawa mtiifu kuliko wote.

Nikaenda kwa babu yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Afadhali umekuja. Huyu mtoto siku hizi ananiuliza akae wapi, ale sasa au baadaye. Anaumwa?"

Nikamweleza yote huku nalia. Akaendelea kukata majani ya ng'ombe.

"Sasa mbona unaniomba radhi mimi? Mfongo ulikuwa wangu?" Akaelekeza panga kwenye uzio wake wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani.

Kwetu Wachagga ukimkosea mtu sana unamwendea kuomba msamaha na isale mkononi, tawi moja la masale hayo, na uliyemkosea hana budi kulipokea. Lakini jamani, nani amewahi kumpelekea mtoto wa chekechea? Usiku sikulala. Asubuhi nikapiga magoti pale bombani, watoto wote wakitazama.

"Lukresia, nimekuletea isale. Niliubomoa mfongo wako. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Jovin akacheka. Nikamtolea jicho, halafu nikakumbuka niko magotini kwa sababu gani.

Lukresia akalipokea kwa mikono miwili, kama anavyoona wakubwa wakifanya. Nikangoja aniulize alifanyie nini. Hakuuliza. Akalichomeka ardhini pale pale jembe langu lilipoanzia, akaingia darasani, akatoka na kijiko.

Alichimba asubuhi nzima. Mimi nilikaa upande wangu wa isale, mikono mapajani, maana hakuna aliyeniomba msaada. Maji yalipoanza kutembea akawapanga wenzake: Violet, kisha Magreth, kisha Jovin.

"Na mimi?" nikauliza.

Hakuinua hata kichwa. "Aliyebomoa anapata mwisho."

Mungu wangu, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nikabaki pale pale kwenye majani, sketi imelowa, nikingoja zamu yangu. Maji hayakunifikia siku ile, wala kesho yake.