Ukanda wa Matumizi Hafifu

Umeme ulikatika asubuhi, mayai yakiwa yameshaanza kugonga. Mama Vifaranga alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine yake ya kutotolesha, sikio kalibana kwenye kioo, anasikiliza vidomo vikipiga maganda kutoka ndani. Taa nyekundu ikazimika. Kifeni kikazunguka kwa uvivu, kikasimama.

Akagonga ukuta wa mabati.

"Shoga, kwako upo?"

"Uwepo wapi? Mtaa mzima hakuna. Ndio huo mgao wao."

Mgao. Neno tamu kweli, utadhani kuna watu wameketi pamoja wanagawana. Katika mgao huu mtaa wao ulipata giza tangu asubuhi hadi jioni, na mitaa ya kilimani ikapata umeme. Kila mtu na fungu lake.

Mashine yenyewe ilikuwa boksi la mbao kubwa kama kabati la vyombo, kazi ya Fundi Cheche, mchomelea vyuma wa nyumba ya pili. Mama Vifaranga aliipata baada ya miaka ya kufua nguo za watu, mpaka magoti yalipogoma kabisa kuinama kwenye beseni. Mayai hayakuwa yake. Wanawake wa mtaani walimletea, kila mmoja na alama yake ya mkaa juu ya ganda: msalaba, duara, mwezi. Vikitoka, yeye alibaki na kifaranga kimoja katika kila vitano, na hicho ndicho kilichomlisha. Mashine ikiua safari hii hakuna atakayemletea yai tena, na magoti hayatarudi kwenye beseni kwa kuhurumiwa.

Alichemsha maji, akajaza chupa, akazipanga kati ya mayai na kuyafunika kwa blanketi. Yale yaliyokwisha kutoboka hakuyaachia chupa. Aliyalaza kwenye shuka lililokunjwa kwa urefu, akalifunga kiunoni kama mkanda, akavaa juu yake gauni lake pana kuliko yote. Tumbo la binadamu halina mgao.

Hajamaliza kufunga vifungo, mwenyekiti wa mtaa akaingia bila hodi. Alikuwa amevaa koti.

"Mama, bado tu? Mgeni yuko njiani!"

"Mwenyekiti, umeme."

"Ndio hao hao watu wa umeme wanakuja. Mkurugenzi mwenyewe. Na anakuja kwa ajili yako wewe."

"Atauwasha?"

"Muulize mwenyewe. Si utakuwa naye jukwaani? Umechaguliwa mteja wa mfano." Akamtazama tumboni. "Naona unanawiri."

Mteja wa mfano. Hapo ndipo Mama Vifaranga alipokumbuka yule mhojaji.

Alipita miezi michache nyuma, bwana mpole mwenye kishikwambi na viatu visivyojua tope. Shirika la umeme lilikuwa linalinganisha gharama za umeme wa majumbani, kanda kwa kanda, nchi nzima. Lakini kabla hajafika mlango wa kwanza, mtaa ulishajua kwamba watu wa umeme wanapita, na hakuna aliyehitaji kuambiwa la kufanya. Mtu akionekana na mashine anahamishiwa bei ya biashara, na bei ya biashara huku ni kufunga mlango urudi kijijini. Kwa hiyo Fundi Cheche alisukuma mashine ya kuchomelea chini ya kitanda. Muuza barafu alilivisha jokofu lake kitambaa cha meza, juu akaweka maua ya plastiki. Kinyozi akawa ghafla mtu asiye na kazi. Mama Vifaranga naye akaitandikia mashine shuka, akakaa mbele yake.

"Una jokofu, mama?"

"Nigandishe nini, mwanangu?"

"Pasi?"

"Nguo nazilalia. Asubuhi zimenyooka."

"Feni?"

"Dirisha si lile?"

Mhojaji alitabasamu. Akainua kichwa. "Hilo kabati linanguruma."

"Panya."

"Panya wananguruma?"

"Wa huku wameshiba."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Hakuwa mjinga, ila kishikwambi chake hakikuwa na mahali pa kuandika kabati linalonguruma. Akabonyeza: taa moja. Akauliza analipa kiasi gani kwa mwezi, na Mama Vifaranga akataja kiasi cha kununulia kiberiti na mshumaa. Swali la anapata nini kwa hizo hela halikuwemo. Jioni ile mtaa mzima ulicheka kwa furaha ya watu waliomzidi ujanja mwenye nchi.

Sasa kicheko kile kilimtokea puani. Njia nzima kwenda uwanjani alitembea kama mtu aliyebeba maji bila kifuniko, mikono imeshika kiuno, na kichwani anapanga maneno. Atasema ukweli. Atasema mbele ya watu kwamba ana mashine, wampandishie bei wakitaka, lakini warudishe umeme leo hii, kabla ya jua kuzama. Chini ya gauni kidomo kimoja kiligonga, kikapumzika, kikagonga tena.

Uwanjani kulikuwa na turubai, viti vyenye mito, na spika mbili zenye kimo cha mtu. Umeme ulikuwepo. Ulitoka kwenye jenereta iliyoletwa na lori, na waya wake ulipita mbele ya milango ya watu ukaenda moja kwa moja jukwaani.

Mkurugenzi alikuwa mnene, msafi, mwenye sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Nyuma yake walitundika bango lenye nguzo za rangi, kila ukanda na nguzo yake. Ya kilimani ilikaribia kutoboa paa la turubai. Ya mtaa huu ilikuwa kama kisigino.

"Ndugu zangu," alisema, "tumelinganisha. Kaya moja ya kilimani inalipa mara thelathini ya mnayolipa ninyi. Mara thelathini! Hebu fikirini mateso ya wale wenzenu. Mtu ana bwawa, ana mageti, ana vipoza hewa, na bili inamkaba kooni. Ninyi hapa mmebarikiwa. Ninyi ndio Ukanda wa Matumizi Hafifu. Kwa hiyo shirika, kwa busara zake, limeona umeme wa mchana uende kule unakohitajika. Ninyi mchana mna jua."

Wakapiga makofi waliokaa kwenye mito. Fundi Cheche, aliyesimama juani na miwani yake ya kazi kichwani, akatema mate chini.

"Na kupunguza machungu ya wenzetu wa kilimani, bei yao imeshushwa kidogo. Pengo litazibwa na kanda ambazo hazijaelemewa."

Tena makofi. Kisha likaitwa jina la heshima, mteja wa mfano, na mwenyekiti akamshika Mama Vifaranga mkono, akampandisha ngazi. Mkurugenzi akamkabidhi balbu ndani ya boksi lenye utepe. Balbu ya kubana matumizi.

"Piga makofi basi, mama," alinong'ona mwenyekiti.

"Siwezi." Mkono mmoja ulishika balbu, wa pili ulishika tumbo. Akajisogeza karibu na kipaza sauti. "Baba, mimi nina mashine. Tulificha wote, tuliogopa. Inatotolesha, na sasa hivi vifaranga wanakufa humo. Turudishieni hata saa moja..."

Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa alipotaja mashine.

"Anasemaje?" Mkurugenzi alimwuliza mwenyekiti.

"Anashukuru, mheshimiwa."

"Aa, mama yangu wee!"

Mpiga picha akawaomba wakaribiane. Mkurugenzi akafungua mikono yote miwili, na kabla Mama Vifaranga hajarudi nyuma alikuwa ameshakumbatiwa, kwa nguvu, kwa mapenzi yote ya shirika, tumbo kubwa la bwana yule limegandamizwa kwenye mkanda wa mayai. Alisikia maganda yakivunjika. Sauti ilikuwa ndogo. Hakuna mwingine aliyeisikia, jenereta ilikuwa inanguruma.

Kitu cha uvuguvugu kikamtiririka mapajani, kikapita gotini, kikatua kwenye zulia la jukwaa.

Watu wa mbele wakaona. Mtu akacheka, mwingine akamziba mdomo. Mkurugenzi akatazama chini, akasogeza viatu vyake.

"Amejikojolea?"

"Furaha, mheshimiwa," alisema mwenyekiti upesi. "Mzee wa watu, furaha imemzidi."

Mkurugenzi akaangua kicheko, akafuta jicho kwa leso. "Kwa balbu moja tu! Watu wa huku hawana makuu."

"Mama, inua balbu juu," alisema mpiga picha. "Juu zaidi. Tabasamu."

Akaiinua. Kwa mkono wa pili aliendelea kushikilia ule mkanda uliolowa, kwa sababu upande wa kushoto, chini ya mbavu, kimoja kilikuwa bado kinagonga.